Hofu ya Kuazima

Nina neno moja na wanafunzi wa sasa, na jingine na wenzangu tuliotoka shuleni zamani.

Wanafunzi wetu wengi wanaogopa Kiswahili. Sisemi kuwa hawakipendi, wala sisemi kuwa ni wavivu. Hesabu hawaipendi, lakini mwalimu wa hesabu akiuliza swali watajaribu, hata kama watakosa. Mwalimu wa Kiswahili akiuliza, vichwa vyote vyainama. Nilimwuliza kijana mmoja wa kidato cha kwanza sababu yake, naye akanijibu kwa adabu, "Mzee, hiyo ni lugha ya askari na wezi." Kijana huyu ana miaka 13. Askari anayemsema hajapata kumwona. Na mwizi aliyechukua kuku wa mama yake mwaka jana, kwa maneno ya kijana mwenyewe, alisema Kiteso kizuri kabisa.

Basi hofu hii ameitoa wapi? Haikutoka katika mambo yaliyompata. Ameiazima. Amewatazama wakubwa wake, akaona nyuso zao zinavyobadilika lugha hii ikisikika nje ya nyumba, akachukua hofu yao kama mtoto achukuavyo koti la kaka yake, likimfaa lisimfae.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza hata kwa wanyama, na uchunguzi mmoja mzuri ulifanywa si mbali sana na sisi, katika mbuga ya Amboseli nchini Kenya, chini ya mlima Kilimanjaro. Kuanzia mwaka 1977 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walikaa huko wakisikiliza milio ya tumbili, na mwaka 1980, pamoja na Peter Marler, wakatangaza waliyoyaona. Tumbili wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Wakisikia wa chui hupanda mitini. Wakisikia wa tai hutazama juu au hukimbilia vichakani. Wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili wakachungulia majani ya chini. Haya wakubwa wanayajua. Watoto hawayajui sawasawa. Mtoto wa tumbili huweza kulia mlio wa tai kwa sababu ya jani linaloanguka tu. Na akisikia mlio wa hatari, yule anayemtazama mkubwa kwanza ndiye mara nyingi anayefanya lililo sawa.

Simcheki tumbili huyo mdogo. Kama kila mmoja angengoja aumwe na nyoka ndipo amjue nyoka, wangekwisha wote. Hapa kwetu Osukuru, watoto wanaochunga mbuzi kwenye vilima hawatii mikono katika mashimo ya miamba, na wengi wao hawajaumwa na kitu. Waliona kaka zao wanavyorudi nyuma. Hofu ya kuazima ni elimu ya bei rahisi, na mtu asiyeweza kuazima hofu hata kidogo haishi maisha marefu.

Sisi wanadamu twaanza kuazima kabla hatujasema. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake wa Marekani walieleza jinsi walivyowaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo, ambayo nusu yake ilionekana kama ina shimo la kushuka. Mama alisimama ng'ambo ya meza. Akina mama wengine waliambiwa watabasamu, wengine waonyeshe uso wa hofu, bila kutamka neno. Katika watoto 19 walioona tabasamu, 14 walivuka. Katika watoto 17 walioona hofu, hakuvuka hata mmoja. Kioo kilikuwa kile kile.

Lakini tumbili wanatushinda kwa jambo moja. Mtoto wao akilia kwa sababu ya jani, wakubwa huinua macho, wakiona ni jani huendelea kula. Akilia kwa sababu ya tai kweli, wakubwa nao hulia. Hivyo mtoto husahihishwa siku ile ile. Kwetu sisi, jani huweza kuitwa tai miaka hamsini, maana aliyelia kwanza amekwisha kufa, na waliobaki hawainui macho tena.

Wanafunzi wanaodhani hayo ni ya zamani wakumbuke mwaka 2020, walipokuwa wadogo. Siku zile za ugonjwa wa korona malori yalisimama kwa foleni ndefu sana Malaba, madereva wakingoja kupimwa. Nilikuwa nyumbani, karibu na barabara. Mwanzoni watoto walikimbilia malori kama desturi yao, wakipunga mikono. Kisha wakaona mama zao wanawavuta ndani. Haikupita wiki mbili, dereva mmoja aliposimama kuomba maji ya kunywa, watoto wote walitoweka kama vifaranga walioona mwewe. Hakuna katika wao aliyekuwa amemwona mgonjwa. Na yule dereva, angalieni, aliomba maji yale kwa Kiswahili.

Sasa nirudi kwenye lugha yenyewe, maana hofu yake nchini Uganda ina historia, na wanafunzi wengi hawajaambiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kitumike zaidi katika shule na kazi za serikali. Wakubwa wa Buganda walikataa, na Kabaka Daudi Chwa mwenyewe alipinga hadharani mwaka 1929. Waliogopa kuunganishwa na Kenya, ambako walowezi walikuwa wamechukua ardhi. Hofu yao ilikuwa na macho, waliona walichokiogopa. Mwaka 1952 Kiswahili kikaondolewa katika lugha za kufundishia shuleni, kikabaki jeshini na kwa polisi. Fikirini maana yake: lugha imetolewa kwa mwalimu, ikaachwa kwa mwenye bunduki peke yake. Kisha Idi Amin, aliyeingia katika jeshi la K.A.R. mwaka 1946, akachukua serikali Januari 1971, na mwaka 1973 akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo lilikuwa lake, na kwa watu wengi lugha ikawa yake pia.

Mimi nilikuwa mtoto katika miaka ile. Baba alikijua Kiswahili vizuri kuliko watu wengi wa kijiji chetu, kwa kuwa alifanya kazi katika kiwanda cha saruji cha Tororo miaka ya 1950, na huko Wateso, Jopadhola, Waluo, Wasamia na Wahindi hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana wala ya kupatana. Lakini nyumbani hakukisema. Mara ya kwanza kumsikia akikisema ilikuwa mwaka 1976, tulipokuwa tukipeleka mihogo sokoni Tororo. Mihogo ilifungwa nyuma ya baiskeli, nami niliketi mbele, juu ya chuma. Tulikuta kizuizi cha barabarani.

Kwa kuwa nilikuwa mbele sikuuona uso wake. Niliiona mikono yake kwenye usukani. Ilikaza hata mifupa ikaonekana. Akaniteremsha, akavua kofia, akasimama namna ambayo sijapata kumwona akisimama mbele ya mtu ye yote, hata mbele ya baba yake.

"Toka wapi?"

"Osukuru, afande."

"Beba nini?"

"Mihogo, afande. Mihogo tu."

"Lete tikiti ya kodi."

Akatoa tikiti, ikatazamwa, akarudishiwa. Tukapita. Hakupigwa, hakunyang'anywa kitu, hakutukanwa. Mambo yote hayakuchukua muda wa kumenya muhogo mmoja. Lakini tangu siku ile, nikisikia Kiswahili, tumbo langu lilikaza kabla masikio hayajajua kinachosemwa. Baba alikuwa na sababu zake: alijua watu waliosimamishwa wasirudi. Mimi sikumjua hata mmoja. Nilikuwa na mikono yake tu.

Ya pili ilitokea mwaka 1979. Mwezi wa Aprili majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala, na baada ya muda si mrefu yakafika pande zetu. Siku moja askari wa Kitanzania alikuja uani kwetu kutafuta mayai. Alikuwa kijana, bunduki begani. Baba alikwisha anza kuvua kofia. Kijana yule akasema, "Shikamoo, mzee."

Baba hakujua kujibu. Kiswahili cha kiwandani hakikuwa na maneno hayo. Akasema, "Mzuri, afande." Askari akacheka, lakini cheko la mtoto kwa mjomba wake, akamwambia, "Hapana, mzee, wewe unasema marahaba. Mimi ndiye mdogo." Baba akarudia: "Marahaba." Akarudia tena, kana kwamba anaonja kitu. Kisha akacheka naye. Wakabishana bei ya mayai kwa Kiswahili, baba akatumia maneno ya kiwandani ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la shule, na yule kijana akaondoka na mayai sita. Sisemi kuwa kila askari wa siku zile alikuwa malaika; vita ni vita. Nasema niliyoyaona. Kwa juma zima tulikuwa tukiamkiana Shikamoo kama mchezo, na tumbo langu likaanza kulegea.

Mama hakuyaona hayo. Alikuwa ndani, nyuma ya mlango, amemfunika mdogo wangu mdomo kwa mkono. Alisikia sauti ya askari, akasikia Kiswahili, basi. Baba alimweleza baadaye, nasi tukamwigizia, lakini kuambiwa si kuona. Mama yu hai bado, ni mzee sana, na hata leo mtu akipiga hodi kwa Kiswahili hunyamaza mpaka ajue ni nani. Sitamlazimisha. Mlango mmoja tu ndio uliowatenga yeye na baba siku ile.

Wanafunzi wataniambia, "Hayo ni ya nyumba moja." Haya, watazameni ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Malaba. Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulipotiwa upande wa pili, nchi ya Wateso ikagawanyika, nusu huku, nusu kule. Lugha ni moja, majina ya koo ni yale yale, na tunaoana mpaka leo. Mkienda Amagoro mtakuta mtoto wa shangazi yenu, mdogo kwenu, akisema Kiswahili bila kufikiri, na kukichanganya na Kiteso katika sentensi moja. Je, kwao hakuna polisi? Wapo, nao hutumia Kiswahili, na si wapole siku zote. Lakini mtoto yule amekisikia pia kwa mwalimu, kwa mhubiri, kwa mtangazaji wa mpira, kwa mama auzaye mandazi, kwa mchumba wa dada yake. Ana nyuso nyingi za kutazama. Wa huku alikuwa na uso mmoja.

Kwa hiyo mimi siamini kuwa vitabu peke yake vitatosha. Serikali ya Uganda imekwisha fanya sehemu yake katika karatasi: mtaala mpya wa mwaka 2020 uliweka Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kuwa kiwe lugha rasmi na kifundishwe katika shule zote za msingi na sekondari. Ni vema. Lakini mtoto hajifunzi ujasiri kwa kusoma tangazo, kama vile hakujifunza hofu kwa kusoma tangazo. Susan Mineka na Michael Cook wa Marekani, katika miaka ya 1980, walionyesha kuwa kima waliozaliwa wamefungiwa hawamwogopi nyoka, lakini wakiwatazama wenzao wa porini wakiogopa, nao huogopa, na miezi mitatu baadaye bado wanaogopa. Kisha wakafanya kinyume. Kima wengine walionyeshwa kwanza wenzao wanaokaa karibu na nyoka bila wasiwasi, ndipo baadaye wakaonyeshwa waoga. Wengi wa hao hawakuambukizwa hofu tena. Walikwisha chanjwa kwa macho.

Hapa ndipo nina neno na ninyi, wanafunzi wa zamani wenzangu. Sisi tunakula kwa Kiswahili. Mawakala wa forodha, madereva, wenye maduka, wauza nguo za mitumba, wabadilishaji fedha: tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Busia, Februari 2018, ni siku gani mmoja wetu amemaliza kazi pale bila Kiswahili? Lakini tukija shuleni siku ya wazazi, twavaa tai na kusema Kiingereza tangu asubuhi mpaka jioni. Na nyumbani, mbele ya watoto wetu, twakitumia Kiswahili lini? Tukitaka kutisha. Mtoto akivunja kikombe, baba ambaye maneno yake yote ni Kiteso au Dhopadhola anaruka mara moja: "Wewe! Toka hapa! Kwenda!" Tukisimulia hadithi yenye mwizi au polisi, mwizi na polisi husema Kiswahili, na watu wema wote husema lugha yetu. Nimesikia haya katika karamu ya harusi mwezi uliopita, na wote walicheka, na watoto walikuwa wameketi chini, wakitazama.

Na walimu wangu wanisamehe, nao nina neno nao. Mwanafunzi akisema "kitabu yangu", darasa zima huangua kicheko, na mwalimu huchelewa kidogo kulinyamazisha. Aliyekosea huumia dakika tano. Lakini wale wengine wote wameona mwenzao akiumia, na kesho wao ndio hawatafungua midomo, ingawa hakuna aliyewacheka. Kosa la ngeli husahihishwa kwa neno moja. Yule askari wa mayai alilisahihisha la baba yangu kwa maneno machache, na baba aliendelea kusema.

Kwa hiyo nimemwandikia Mwalimu Mkuu, naye amekubali. Ijumaa ya pili ya muhula ujao tutakuja watu watatu, wote tuliosoma hapa: wakala wa forodha wa Malaba, mama mmoja auzaye mitumba Busia, na mimi. Tutakaa mbele ya vidato vya kwanza na vya pili kwa muda wa vipindi viwili, tukieleza kazi zetu na kujibu maswali, kwa Kiswahili tu. Kiswahili chetu ni cha barabarani. Tunasema "gari yangu" na "mtoto yangu", na yule mama ana maneno yake mwenyewe ya kuhesabu marobota ambayo sidhani yamo katika kamusi yo yote. Nimemwomba mwalimu wa Kiswahili akae nasi pale mbele, na kila tukikosea atusahihishe papo hapo, kwa sauti, wanafunzi wote wakituona. Wanaotaka kutuuliza maswali waandike majina yao kwa kiranja wa maktaba, na wasiotaka kuuliza waje watazame.